Kwa nini vipimo vya shambani vinadanganya, na vile tunavyovikamata huku Mombasa

Mwezi wa tano, masika imeshika kweli kweli, mzee mwenye shamba alinipigia simu alfajiri na swali moja tu: "Mwanangu, hicho chombo chako kinasema jana imenyesha ngapi?" Nkaangalia kwenye simu, nkamwambia milimita 4. Akanyamaza kidogo alafu akasema, sufuria ya mama ilisahaulika nje na asubuhi nimeikuta na maji ya vidole vitatu, sasa niamini sufuria ama niamini chombo?

Nlimwambia aamini sufuria, na hata shambani nlikuwa sijafika.

Sababu ni hii. Mvua inapimwa kwa kina. Milimita 1 ya mvua ni maji yangesimama kimo cha milimita 1 juu ya ardhi kama yasingefyonzwa wala kutiririka, na ukipiga hesabu inakuja lita 1 kwa kila mita mraba. Kwa hio sufuria iwe ya harusi iwe ya chai, mradi kuta zake zimesimama wima na hakuna mti wala paa juu yake, kina cha maji ni kile kile. Vidole vitatu ni kama sentimita 5, yaani milimita 50 hivi. Chombo cha pesa nyingi kimesema 4.

Shamba lenyewe liko Mwakirunge, huku Kisauni ndani, mchicha, bamia, mabiringani na kunde, na mihogo kule pembeni. Tuna kituo kidogo cha hali ya hewa: kipimo cha mvua, sensa ya joto na unyevu wa hewa, kipimo cha upepo, kipimo cha jua, sensa tatu za unyevu wa udongo, na mita ya mkononi ya kupima chumvi ya maji ya kisima. Vyote isipokuwa hio mita vinaingia kwa waya kwenye loga, lile boksi la kuhifadhi data, linakula umeme wa sola na betri. Kazi yangu ni kuvitunza, na katika kazi hii nimejifunza kwamba kifaa kikifa si shida kubwa, manake namba zinakatika, unaona, unaenda kukitengeneza. Shida ni kile kinachoendelea kukupa namba kila dakika 10, namba zenye sura nzuri kabisa, na zote si za kweli. Milimita 4 kwa siku moja ya mwezi wa tano, ambao ndo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, nani angeshtuka? Bila ile sufuria ningeendelea kuziweka tu.

Sasa nielezee kile kipimo cha mvua, manake watu wengi wanacho na hawajawahi kukifungua. Juu kuna faneli, mvua inaingia inashuka kwa tundu dogo, chini yake kuna vikopo viwili vidogo vimekaa kama pembea. Kikopo kimoja kikijaa kinapinduka kinamwaga, mwenzake anapanda kupokea, na kila wakipinduka sumaku ndogo inapita kwenye swichi na loga inahesabu moja. Chetu kila pinduko ni milimita 0.2. Ni kifaa rahisi mpaka unakipenda, na urahisi huohuo ndo unakiponza, manake tundu likizibwa nusu hakuna kengele inayolia.

Nlipofika nkafungua skurubu tatu nkatoa faneli, ndani ya shingo kulikuwa na nyumba ya nyigu wa matope, imepakwa vizuri kama aliyepaka fundi, imeacha njia nyembamba kama uzi. Maji mengi yalijaa juu yakafurika nje na kurushwa na upepo, machache yakapita pole pole. Na ukweli ni kwamba data ilikuwa imeshasema, mimi ndo sikuiangalia vizuri: mvua ilipiga jioni ikakatika, lakini kwenye data kuna manyunyu yasiyobadilika, pinduko moja, unasubiri, pinduko moja, unasubiri, mpaka karibu alfajiri. Mvua ya kweli haina nidhamu hio, inapanda inashuka, inakuja kwa mikupuo. Ukiona mvua imenyesha sawasawa kwa masaa sita baada ya dhoruba, usiende kuangalia mawingu, enda ukaangalie faneli.

Tangu siku hio kila Jumamosi ya pili nafungua, natoa majani, mavi ya ndege, utando wa buibui (buibui wanapenda sana hapo chini kwenye pembea, na utando mmoja unaweza kukizuia kikopo kisipinduke), alafu nasafisha vikopo kwa brashi laini na maji matupu. Sitii sabuni wala kidole, mafuta ya ngozi yanafanya maji yagande kwa matone na kikopo hakimwagi chote. Alafu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, nafanya jaribio la chupa ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Mdomo wa faneli yetu una upana wa sentimita 20, kwa hio eneo lake ni kama sentimita mraba 314, na milimita 10 za mvua juu ya eneo hilo ni mililita 314 za maji. Napima mililita 314 kwa sirinji, natia kwenye chupa ya maji niliyoitoboa kwa pini, naisimamisha juu ya faneli idondoke pole pole, isipungue saa nzima. Nategemea pinduko 50. Nikipata 49 ama 51 nafurahi naenda zangu. Nikipata 43 sikimbilii kugeuza skurubu za marekebisho, kwanza nasafisha tena, naangalia kama kimesimama sawa kwa pima-maji ya fundi, manake kikiinama kidogo tu kikopo cha upande mmoja kinawahi na cha pili kinachelewa. Mara nyingi ni hapo. Kwa nini pole pole? Kwa sababu wakati kikopo kinapinduka kuna nusu sekunde hivi maji yanaendelea kuingia kwenye kikopo ambacho kimeshajaa, hayo hayahesabiwi, na ukimwaga kwa haraka unapoteza mengi. Ndo sababu pia hivi vipimo vyote vinapunguza kidogo wakati wa mvua kubwa sana, hata vikiwa vizima, kwa hio pembeni tumeweka kipimo cha mkono, kile cha kumimina kwenye bilauri yenye mistari, na kinasomwa kila siku saa tatu asubuhi kama wanavyofanya vituo vya mvua nchini. Viwili vikitofautiana sana ndo najua kuna kazi.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau, kifaa hakisogei lakini shamba linasogea. Tulipokiweka kile kipimo hapakuwa na kitu karibu, mwaka mmoja baadaye kuna mpapai umesimama hapo mita 4 kwenda juu na unazuia mvua ya upepo wa kusi. Kanuni inayotumika ni kwamba kizuizi kikiwa na kimo fulani juu ya mdomo wa kipimo, kipimo kikae mbali angalau mara mbili ya kimo hicho. Mpapai hatukuukata, una mapapai, tulihamisha kipimo na tukaandika tarehe. Kuna wakati pia tulipata mvua ya ajabu siku tatu mfululizo, saa ile ile ya jioni, jua linawaka, kumbe sprinkla mpya ya matuta ya mchicha ilikuwa inafika mpaka pale.

Sasa hewa. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya mezani inavyokuwa mwezi wa nne na wa tano, inalowa inashikana mpaka mtu anatia punje za mchele ndani ya kichupa. Sababu ni kwamba chumvi ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa kupita asilimia 75 inaanza kuvuta maji yenyewe na kuyeyuka. Sasa fikiria upepo wa bahari unaleta vumbi la chumvi kila siku, linakaa kwenye kile kifuniko kidogo cha sensa ya unyevu. Usiku chumvi inavuta maji, sensa inakaa na kitambaa kibichi usoni, inaandika asilimia 100 na asubuhi inakawia kushuka. Ukiona saa saba mchana, jua la kaskazi la mwezi wa pili, nguo zinakauka kwa nusu saa, na sensa inasema 97, ujue ndo hio.

Dawa yake ni kusuuza kifuniko kwa maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri yanayouzwa petroli stesheni, ila soma chupa vizuri isije ikawa ile ya asidi, alafu uache kikauke chenyewe. Na kukipima tunatumia chumvi hio hio iliyotukosea. Natia chumvi ya jikoni kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, naongeza maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi wa ufukweni, yaani iloe lakini isielee, naitundika sensa juu yake bila kugusa, nafunga, naiacha ndani ya nyumba mahali pa joto lisilobadilika usiku kucha. Hewa ndani ya kopo hilo lazima itulie kwenye asilimia 75, ni tabia ya chumvi yenyewe, haijali umeinunua duka gani. Sensa ikisoma 74 ama 77 iko sawa, ikisoma 88 imezeeka, wakati wa kubadilisha. Mara ya kwanza kuona ile namba inatambaa pole pole mpaka 75 kisha inasimama nlifurahi mpaka nkamwita mzee aje aone.

Joto lenyewe halina maneno mengi, ila ile nyumba nyeupe ya visahani inayoikinga sensa na jua lazima ibaki nyeupe. Huku kuna vumbi la barabara na moshi wa taka, ikiwa kijivu inanyonya jua na sensa inapima joto la plastiki badala ya joto la hewa. Sponji, maji, sabuni kidogo, sensa ukiwa umeitoa kwanza.

Kwa nini tunahangaika na haya yote? Kwa sababu joto, unyevu, jua na upepo vinaingia kwenye hesabu moja, ile ya mwongozo namba 56 wa mwaka 1998 wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inayokadiria maji kiasi gani mimea na udongo vinapoteza kwa siku. Mzee hamwagilii kwa kubahatisha, anamwagilia kwa hio hesabu pamoja na sensa za udongo. Kipimo cha upepo chumvi ikiingia kwenye beringi kinakuwa kizito, upepo mdogo hauwezi tena kukizungusha, hesabu inaona hewa imetulia na inapunguza maji, bamia zinasinyaa na hakuna anayejua kwa nini. Kukikagua ni rahisi, siku hakuna upepo pulizia vikombe kwa mdomo taratibu, vianze bila kusita na visimame bila kukwama, weka sikio karibu usikie kama kuna mchanga ndani. Na kwenye data angalia usiku, zile sifuri za usiku zikizidi mwezi kwa mwezi wakati msimu ni ule ule, beringi zinakwisha. Kipimo cha jua ni kitambaa laini kwenye kioo chake na kuhakikisha kiko sawa, ndege wanapenda kukalia hapo, tumemsimamishia ndege mti wake pembeni ulio juu zaidi na imesaidia.

Udongo ndo uliotufunza kwa uchungu. Sensa zetu za udongo hazioni maji moja kwa moja, zinapima vile udongo unavyohifadhi umeme kati ya vyuma vyake, na zinaweza kufanya hivyo kwa sababu kwenye kipimo hicho maji ni kama 80, udongo mkavu ni 3 mpaka 5 hivi, na hewa ni 1. Tofauti kubwa hio ndo inafanya kazi. Lakini angalia ile 1 ya hewa. Ukichomeka sensa vibaya, ukaitikisa tikisa kuiingiza, unaacha uwazi mwembamba pembeni ya vyuma, na sensa inasoma ile hewa kama ukame. Udongo wetu pale una mchanga na vipande vya matumbawe, jiwe moja linatosha kuipinda. Sensa ya kati kwenye matuta ya mchicha ilikuwa inasema kavu, kavu, kavu, na kwa wiki kadhaa pampu ilikuwa inafunguliwa mara mbili kwa siku. Mchicha ukaanza kuwa wa njano, mizizi ukiing'oa inanuka. Nlipochimba pembeni na kuushika udongo mkononi ulikuwa unabana kama unga wa chapati.

Na hasara haikuishia kwa mchicha. Kisima chetu kiko kwenye matumbawe na mkono wa bahari wa Mtwapa hauko mbali. Pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi, na hesabu ya zamani inayojulikana ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 zake chini ya usawa huo. Kwa hio ukivuta maji ukashusha ile ya juu kidogo tu, chumvi ya chini inapewa nafasi ya kupanda sana. Sensa moja iliyokaa vibaya ikatufanya tuvute, tukivuta tunakaribisha bahari kisimani. Mita ya chumvi ilikuwa inapanda wiki baada ya wiki na mwanzo nkadhani mita ndo mbovu.

Hapo ikabidi nihakikishe mita kwanza. Inauzwa dawa ya kupimia yenye thamani inayojulikana, ile ya kawaida ni 1413 kwa kipimo cha maikrosiemensi kwa sentimita (yaani vile maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi namba inapanda), kwenye joto la nyuzi 25. Unasuuza ncha ya mita, unaitia kwenye dawa kidogo uliyoimimina kwenye kikombe safi (usiichovye kwenye chupa yenyewe, utaiharibu yote, na iliyotumika usiirudishe), unaona inasema ngapi. Yetu ilisema 1398. Mita nzima, basi kisima ndo kinabadilika. FAO wanasema maji chini ya 700 hayana neno kwa mimea, kati ya 700 na 3000 uwe mwangalifu, juu ya 3000 ni hatari kwa mimea mingi. Tulikuwa tumefika 1900. Tukapunguza kuvuta, tukaipanda sensa upya: unatoboa kwanza kwa chuma chembamba kuliko vyuma vya sensa, unaichomeka mara moja kwa kuisukuma moja kwa moja bila kuitikisa, unashindilia udongo ule ule, unamwagia maji na kusubiri siku mbili tatu kabla hujaiamini. Ukitaka uhakika zaidi, chukua udongo wa pale pale, upime uzito, uukaushe kwenye ovena ya nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena, tofauti ndo maji, na hakuna sensa inayoweza kubishana na hilo.

Boksi la loga nitasema haraka. Wadudu chungu wanaingia, mijusi kafiri wanataga humo, panya wanatafuna waya wa chini kwa hio tumeupitisha kwenye paipu. Waya kabla haujaingia kwenye boksi uache uning'inie kama tumbo, maji ya mvua yadondoke hapo chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Vifuko vya silika jeli, vile vya kunyonya unyevu, vikibadilika rangi vikaushe ama utie vipya. Nati na skurubu pakaa grisi, huku chuma na alumini vikikutana kwenye hewa ya chumvi vinakulana. Na betri usiiangalie mchana, mchana sola inaisaidia na kila betri inaonekana nzima, angalia volti za alfajiri kabla jua halijatoka. Ya volti 12 ikiamka chini ya 12 siku kadhaa, inakaribia kukuacha.

Kuna jambo la saa ambalo ni letu sisi waswahili. Loga inaandika 09:00, sisi tunasema saa tatu. Kijana aliyekuwa anasoma kipimo cha mkono aliandika "saa 3" kwa nia safi, mwingine aliyeingiza kwenye kompyuta akaweka 03:00, na miezi miwili ya mvua ikahamia usiku. Sasa daftari letu lina kanuni, andika saa ya Kiswahili na pembeni saa ya loga, zote mbili, na loga haibadilishwi saa na mtu yeyote bila kuandika ilikuwa inachelewa dakika ngapi.

Daftari hilo linakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya boksi na kwangu ni kifaa kama vifaa vingine. Kila nikigusa kitu naandika kilisoma ngapi kabla sijakisafisha na kimesoma ngapi baada, kwa sababu ile tofauti ndo itamwambia mtu mwaka ujao data za nyuma aziamini mpaka wapi. Data mbaya hatuzifuti wala hatuzirekebishi kwenye loga, zinabaki kama zilivyo na maelezo pembeni. Ukurasa wa siku ile ya sufuria bado uko, umelowa kona moja:

"Jumanne, saa 2:40 asubuhi (08:40). Faneli imezibwa na nyigu, imesafishwa. Jaribio la chupa kabla: 11. Baada: 50. Mvua ya jana isitumike. Sufuria ya mama, kina milimita 52, imepimwa kwa rula."